Je, kuna tunda linaloyeyusha mafuta mwilini?

Swali: "Daktari, shikamoo. Mimi ni mama wa miaka 43, nauza mchele soko la Mwanjelwa hapa Mbeya, nakaa Uyole. Nina kilo 91 na urefu wa sentimita 158. Nina presha, natumia nifedipini tangu mwaka juzi. Shoga yangu kaniuzia kopo la vidonge kwa shilingi 65,000, anasema ni kemikali iliyokamuliwa kwenye matunda, inakata mafuta. Kaniambia na kila asubuhi ninywe juisi ya balungi, ndimu na maji ya moto kabla sijala kitu. Wiki tatu sasa nimepungua kilo 2, ila naharisha, na nikisimama kichwa kinazunguka. Je, ni kweli matunda yana dawa ya unene? Na kama yanayo, kwa nini nisile tunda lenyewe nikaacha kopo? Halafu parachichi usiku linanenepesha? Maana huku kwetu ndiyo mboga ya bei rahisi."

Marahaba, mama. Nianze na hicho kizunguzungu, mengine yatasubiri. Leo hii acha balungi na acha vidonge vya kopo. Dawa ya presha usiiache. Kesho asubuhi kabla ya kwenda sokoni pita kituo cha afya wakupime presha ukiwa umekaa na ukiwa umesimama, na hilo kopo uende nalo mkononi. Ukiona unazidi kulegea, au umezimia hata mara moja, usingoje kesho.

Sababu ni hii. Balungi lina kemikali ziitwazo furanokumarini. Kwenye ukuta wa utumbo mwembamba tuna kimeng'enya ambacho huvunja sehemu ya dawa nyingi kabla hazijaingia kwenye damu, na kipimo cha nifedipini ulichoandikiwa kimeshahesabu upotevu huo. Furanokumarini hukilemaza kimeng'enya hicho kabisa, mpaka utumbo utengeneze kingine. Dawa inaingia nyingi kuliko ilivyokusudiwa, mishipa inalegea mno, ukisimama damu inachelewa kufika kichwani. Glasi moja inatosha kuleta hayo, na athari yake hupita siku nzima, kwa hiyo kunywa juisi asubuhi na dawa usiku hakukuokoi. Ongeza kuharisha kunakokausha maji mwilini, na kizunguzungu chako kimepata maelezo.

Jambo hili liligunduliwa kwa bahati. Mwaka 1989 David Bailey na wenzake huko Kanada walikuwa wanachunguza kama pombe inagombana na felodipini, dawa ya presha iliyo ndugu wa nifedipini yako. Ili washiriki wasitambue ladha ya pombe, wakaichanganya na juisi ya balungi. Dawa ikapanda kwenye damu kuliko walivyotarajia, kumbe mchawi ni juisi. Kisa hiki nakipenda kwa kuwa kinajibu nusu ya swali lako: ndiyo mama, matunda yana kemikali zenye nguvu ya dawa kabisa. Kwa bahati mbaya, hizi za balungi zimeikuta nifedipini yako, mafuta ya tumbo zimeyaacha palepale. Hata jaribio lililolisifia balungi, la mwaka 2006 Marekani, liliwapa watu wanene nusu ya tunda kabla ya kila mlo kwa wiki 12, wakapungua kilo 1.6. Hiyo ndiyo zawadi yote. Kwa mtu anayetumia nifedipini haifai kujaribiwa.

Ndimu nitaipitia haraka. Watu wameona inavyokata mafuta kwenye masufuria, wakaona na tumboni itafanya vilevile. Lakini mafuta ya kitambi hayajagandia kwenye ukuta wa tumbo kama masalia ya kitimoto kwenye kikaango. Yamo ndani ya seli, chini ya ngozi na kuzunguka matumbo, mahali ambapo juisi unayokunywa haifiki. Na asidi ya tumbo lako mwenyewe ni kali kuliko ndimu. Kama unapenda maji ya ndimu, kunywa, ila usitie sukari.

Sasa tuje kwenye matunda yenyewe, na tuanzie mdomoni. Umeshawahi kung'ata pera bichi, au zambarau ambalo halijaiva, ukahisi ulimi umekaza? Ule ukakasi ni kemia unayoweza kuionja. Ndani ya tunda kuna tanini, ukoo mmojawapo wa kemikali tunazoziita polifeno, na tanini hushikana na protini za mate mpaka ulaini wote wa mdomo unaondoka. Vimeng'enya vinavyosaga wanga na mafuta tumboni navyo ni protini. Ndiyo maana maabara nyingi, ukiwapelekea maji ya maganda ya tunda lolote lenye ukakasi, watakwambia yamezuia lipezi, kile kimeng'enya kinachovunja mafuta ya chakula. Hapo ndipo zinapozaliwa habari za "tunda hili linazuia mafuta". Si uongo. Ila lile bomba la maabara lina lipezi kidogo na tanini nyingi, na hakuna chakula kingine. Tumboni mwako kongosho linamwaga lipezi kuliko inavyohitajika, na tanini imeshashikana na maharage uliyokula nayo.

Tunajua mfano wa lipezi kuzuiwa kwelikweli. Kuna dawa iitwayo orlistati, asili yake ni kemikali ya bakteria wa udongoni. Inazuia takriban asilimia 30 ya mafuta ya chakula yasiingie mwilini. Matokeo yake kwa mwaka mzima, ukilinganisha na mtu anayekula vilevile bila dawa, ni kama kilo 3, tena kwa gharama ya choo chenye mafuta kinachokuja bila hodi. Kama dawa iliyotengenezwa kwa kazi hiyo inatoa kilo 3, ukakasi wa zambarau utakupa ngapi?

Rangi nyekundu, zambarau na nyeusi za matunda mengi zinatokana na ukoo mwingine wa polifeno, anthosianini. Unaziona kwenye zambarau na kwenye ganda la zile plamu zinazotoka Njombe, ambazo wengine huziita matunda damu. Panya wanaolishwa mafuta mengi wakichanganyiwa anthosianini mara nyingi hawanenepi kama wenzao. Kwa binadamu habari inakuwa nyembamba, kwa sababu sehemu ndogo sana ya anthosianini hupenya utumbo na kufika kwenye damu ikiwa nzima. Iliyobaki hushuka utumbo mpana, bakteria wakaikatakata na kuigeuza vitu vingine. Wataalamu wengi siku hizi wanaelekeza macho huko kwa bakteria, nami nadhani ndiko kwenye hoja ya kweli. Ila kutoka hapo mpaka kukuandikia kipimo cha vidonge, safari bado ndefu.

Kuhusu kipimo, nikupigie hesabu moja, wewe unayeishi kwa mizani utaielewa haraka. Mwaka 2006 watafiti walitangaza kwamba resveratroli, polifeno ya ganda la zabibu, imewazuia panya waliolishwa mafuta kunenepa. Magazeti yakaandika kwamba mvinyo mwekundu ni dawa. Panya hao walipewa miligramu 400 kwa kila kilo ya uzito wao, kwa siku. Mwili wa panya huchoma vitu haraka kuliko wetu, kwa hiyo ukihamishia kwa binadamu unagawanya kwa 12 hivi. Kwako wewe wa kilo 91 inakuja kama gramu 3 kwa siku. Mvinyo una miligramu chache tu kwa lita. Tuseme 3. Basi utahitaji lita 1,000 kila siku, yaani ndoo 50 za lita 20. Mvinyo wote wa Dodoma haukutoshi, na sijui baba watoto atasemaje.

Ndiyo maana watu wanakamua, wanakausha, wanatia kwenye kapsuli: tunda haliwezi kubeba kipimo hicho. Hilo ndilo jibu la swali lako la "kwa nini nisile tunda lenyewe", kwa upande wa wauzaji. Tatizo ni kwamba hata walipokamua, matokeo hayakuja.

Chukua Garcinia, ambayo kuna uwezekano mkubwa imechorwa kwenye kopo lako, kijitunda cha njano kama boga dogo lenye mikunjo. Asili yake ni India ya kusini na nchi za jirani, na kule ganda lake lililokaushwa hutiwa kwenye mchuzi wa samaki kama sisi tunavyotia ukwaju. Ndani yake kuna asidi ya haidroksisitriki, inayozuia kimeng'enya kinachogeuza sukari kuwa mafuta. Kwa maelezo ni dawa safi kabisa. Mwaka 1998 Steven Heymsfield na wenzake wa New York wakaipima kwa watu wanene 135 kwa wiki 12. Nusu walipewa asidi hiyo, miligramu 1,500 kwa siku, nusu vidonge visivyo na kitu, na wote wakapangiwa chakula cha namna moja. Waliopewa asidi walipungua kilo 3.2. Waliopewa vidonge vitupu walipungua kilo 4.1.

Kwa nini ilishindwa? Kwa mtu anayekula kawaida, sukari inayogeuzwa mafuta ni kidogo. Mafuta mengi ya mwilini ni yale yale ya chakula, yaliyokwenda kuhifadhiwa moja kwa moja. Kuzuia kimeng'enya kile ni kama kufunga kichochoro cha Soweto huku malori yote yanapita barabara kuu ya Tunduma. Na zipo taarifa za madaktari kuhusu watu walioumia ini baada ya kutumia vidonge vyenye Garcinia, wachache wao wakahitaji kupandikizwa ini jingine.

Kilo 2 zako nazo tuzipige hesabu. Kilo moja ya mafuta ya mwili ina takriban kilokalori 7,700 (kilokalori ndicho kipimo cha nguvu iliyomo kwenye chakula). Kuchoma kilo 2 kwa siku 21 kunataka upungufu wa zaidi ya kilokalori 700 kila siku, na hukuniambia kama umepunguza chakula. Uliniambia unaharisha. Mara nyingi ndani ya "dawa za kupunguza" kuna sanamaki au kitu cha aina yake. Kinasukuma utumbo, maji yanatoka, mizani inakusifia, mafuta yapo palepale. Ukiacha kopo, kilo hizo zitarudi ndani ya siku chache. Usiogope na usiseme umenenepa upya. (Mimi mwenyewe zamani niliwahi kununua chai ya namna hiyo stendi, nikasafiri nayo kuelekea Iringa. Sitaeleza zaidi.)

Linaloniogopesha kuliko sanamaki ni sibutramini. Ilikuwa dawa halali ya kukata hamu ya chakula, ikaondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 baada ya kuonekana inaongeza mshtuko wa moyo na kiharusi kwa wenye magonjwa ya moyo. Mpaka leo mamlaka za nchi nyingi huikuta imefichwa ndani ya vidonge vilivyoandikwa "asili" na "matunda matupu". Inapandisha presha. Mtu mwenye presha kama wewe ndiye hasa asiyetakiwa kuigusa. Ndiyo maana nimesema nenda na kopo. Mfamasia ataangalia kama lina namba ya usajili wa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na kama halina, usilimalize kwa kuonea huruma 65,000 yako.

Nisije nikaonekana nimedharau miti, nikusimulie na upande uliofanikiwa. Huko Makete na Njombe wanalima matufaa, haya tunayoyaita maepo. Kwenye gamba la mizizi ya mtufaa kuna kemikali chungu, florizini, iliyopatikana mwaka 1835 Ulaya na watu waliokuwa wanatafuta dawa ya homa. Miaka 50 baadaye Mjerumani von Mering akaona kwamba inafanya sukari itoke kwenye mkojo. Yenyewe haikufaa kuwa dawa, inavunjika utumboni kabla ya kufika popote. Wakemia wakalifanyia umbo lake marekebisho, na ilipofika mwaka 2012 dawa ya kwanza ya ukoo huo, dapagliflozini, ikaruhusiwa Ulaya kwa kisukari. Watumiaji hupungua na uzito, kilo 2 au 3 hivi. Kutoka gamba la mti mpaka kidonge imepita miaka 177, na kilichomo kwenye kidonge si kile kilichokuwa kwenye mti. Mtu akikwambia ameyamaliza yote hayo kwa kukausha matunda, muulize ameanza lini.

Basi matunda yana faida gani kwa mwenye kilo 91? Yanayo, tena kubwa, ila imejificha kwenye sehemu isiyouzwa kwa kapsuli. Mwaka 1977 watafiti Waingereza waliwapa watu kumi matufaa yenye kiasi sawa cha sukari kwa namna tatu: mazima, yaliyopondwa, na juisi iliyochujwa. Juisi ilimalizika mara 11 haraka kuliko matunda mazima, ikawashibisha kidogo kuliko zote, na insulini (homoni inayoshusha sukari kwenye damu) ya walioinywa ikapanda zaidi. Sukari ilikuwa ileile. Kilichopungua ni makapimlo, zile nyuzinyuzi, pamoja na kazi ya kutafuna.

Pera ni mfano wetu mzuri. Gramu 100 zina kilokalori 68 tu na takriban gramu 5 za makapimlo, kiasi ambacho maepo ya bei mbaya hayafiki hata nusu yake. Lina na pektini, ile inayogandisha jemu. Tumboni pektini hufanya uji mzito, chakula kinachelewa kushuka, njaa inachelewa kurudi. Ikifika utumbo mpana bakteria wanaila na kutoa asidi zinazosaidia kupeleka kwenye ubongo habari ya shibe. Pesheni nazo zina makapimlo mengi sana, lakini karibu yote yako kwenye mbegu, nasi mbegu tunazichuja tukatupa, halafu kwenye kilichobaki tunatia sukari vijiko vitano. Nimeshasema sana juu ya juisi ya pesheni kwenye harusi za Mbeya, sina marafiki wengi huko.

Kuna utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 2015 uliofuatilia watu zaidi ya 133,000 kwa miaka hadi 24. Walioongeza tufaa au pea moja kwa siku walikuwa, kila baada ya miaka minne, wepesi kwa kama nusu kilo kuliko ambavyo wangekuwa. Nusu kilo kwa miaka minne! Ni kidogo, na utafiti wa kufuatilia tu hauthibitishi kwamba tunda ndilo lililofanya kazi. Nauamini zaidi kwa sababu unasema kidogo.

Kwa hiyo tuangalie siku yako. Uzito wako ukiugawanya kwa urefu wako wa mita, kisha jibu ukaligawanya tena kwa urefu uleule, unapata 36. Kuanzia 30 tunaita unene uliopitiliza, na si wewe peke yako: utafiti wa kitaifa wa 2015-16 ulikuta wanawake 28 kati ya 100 wa umri wa kuzaa wana uzito uliozidi au unene uliopitiliza. Usifikirie kilo 30. Fikiria kilo 4 na nusu kwanza, asilimia 5 yako, kwa sababu hata hapo presha na sukari kwenye damu huanza kuwa nafuu. Ukae na muuguzi wa kliniki ya presha akupime na sukari.

Muuza mchele hukaa kutwa, na chai inapita. Vikombe vinne vyenye vijiko vitatu vitatu ni kama gramu 50 za sukari, karibu kilokalori 200, kabla ya maandazi. Soda ya mililita 350 ina takriban gramu 37. Hapo ndipo tunda linapofanya kazi yake halisi: saa nne, andazi na soda vikitoka, mapera mawili makubwa na maji yakiingia, umeshaokoa kilokalori 200 au zaidi bila kulala njaa. Zambarau na plamu zikiwa msimu, kula na maganda yake. Papai sawa. Ndizi mbivu moja, si chana. Jioni kula tunda kabla ya wali, usiweke baada yake, kwa sababu anayeanza na tunda huupunguza mlo wenyewe. Na mafuta ya kupikia yapimwe kwa kijiko, yasimwagwe kutoka kwenye chupa, maana kijiko kimoja cha chakula ni kilokalori 120. Kizunguzungu kikiisha, ukiwa unarudi Uyole, shuka vituo viwili kabla.

Parachichi, swali lako la mwisho. Saa ya usiku haina kosa, wingi ndio wenye kosa. Gramu 100 zina kilokalori 160, kwa hiyo lile kubwa la Rungwe lenye nyama ya gramu 250 linafika 400, karibu sawa na sahani ndogo ya wali. Lakini lina makapimlo kama gramu 7 kwa kila gramu 100, na mafuta yake ni ya aina inayofaa moyo. Likiwa ndiyo mboga yenyewe, mahali pa nyama ya kukaanga, kula nusu na mchicha mwingi, nusu nyingine mpe mtoto. Likiongezwa juu ya chipsi ni chakula cha pili. Na ile mbegu ambayo najua shoga yako atakuletea ikiwa imesagwa, akisema ina polifeno nyingi: ni kweli inazo. Ila haijafanyiwa majaribio ya kutosha kwa binadamu, nawe una dawa ya presha mwilini, kwa hiyo mwambie aipande nyuma ya nyumba.